Nyumba za Wazee Kakamega: Nani Atazijenga, na Nani Atazitunza?

Tangu zamani katika nchi ya Waluhya, mtu aliyekwenda mjini kufanya kazi alihesabiwa kuwa msafiri tu. Alikwenda Nairobi, au Kericho kwenye mashamba ya chai, au katika karakana za reli, akakaa huko miaka ishirini au thelathini. Lakini watu wa kwao walijua siku zote kwamba atarudi. Alipozeeka alirudi bomani kwake, akapanda mahindi na maharagwe, akafuga kuku, na siku yake ilipofika alizikwa katika ardhi ya baba zake. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeuliza mzee atalala wapi mjini. Swali hilo halikuwapo.

Siku hizi swali hilo lipo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, wilaya zote zinazofanya Kaunti ya Kakamega zilikuwa na watu 1,867,579, yaani zaidi ya watu 600 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba ambalo babu alilima peke yake limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wajukuu, hata sehemu nyingine hazitoshi nyumba na mistari michache ya mboga. Wako wazee ambao wameuza ardhi yao kwa ada za shule au gharama za matibabu. Wako wajane ambao ndugu za mume wamewasukuma pembeni. Wako pia wazee wanaopenda kukaa karibu na hospitali, kwa kuwa ugonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu hautaki safari ndefu ya barabara ya matope. Watu wa namna hiyo wanahitaji chumba safi cha bei ndogo, mahali salama, wala si kwa mwezi mmoja, bali kwa maisha yao yaliyobaki.

Makala haya yaeleza sheria inasema nini juu ya nyumba za namna hiyo, kazi ya Bodi na ya kamati ya kaunti ni ipi, na hesabu gani yapasa kufanywa kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

SWALI HILI LILIANZAJE

Mji wa Kakamega ulianza kukua baada ya makao ya wilaya kuhamishwa hapo kutoka Mumias mwaka 1920. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, watu wengi walimiminika, na mwaka 1963 mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Lakini nyumba ambazo serikali ya kikoloni iliwajengea wafanyakazi Waafrika katika miji ya Kenya hazikuwa nyumba za kuzeekea. Nyingi zilikuwa vyumba vya kulala wanaume wasio na jamaa zao. Mwaka 1954 Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bw. F. W. Carpenter, ilieleza wazi kwamba mshahara wa chini ulikuwa umekadiriwa kwa mahitaji ya mtu mmoja aliye peke yake, ikashauri uongezwe hatua kwa hatua mpaka utoshe mtu na jamaa yake. Mwenye mshahara wa namna ile hakuweza kuweka akiba ya uzee mjini, na nyumba aliyokaa ilikuwa yake kwa muda wa kazi tu.

Mwaka 1953 ilipitishwa sheria ya nyumba iliyoanzisha Bodi Kuu ya Nyumba, ili mabaraza ya miji yapate mikopo ya kujenga. Baada ya Uhuru kazi hiyo ilichukuliwa na Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1967. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ulianzishwa mwaka 1965, lakini kwa miaka mingi mwanachama alipostaafu alipewa fedha zake zote kwa mara moja, na fedha za namna hiyo huisha upesi. Hivyo desturi ya kurudi shambani ndiyo iliyobaki kuwa akiba ya mzee. Shamba likipungua, akiba hiyo nayo hupungua.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humhesabu mtu aliyetimiza miaka 60 kuwa mzee. Kifungu cha 43 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata makao yafaayo. Kifungu cha 57 chasema kwamba serikali itachukua hatua ili wazee washiriki katika mambo ya jamii, waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa serikali. Yafaa msomaji aangalie maneno hayo vizuri. Katiba haikuwaondolea watoto wajibu wao. Wala haikuiachia jamaa mzigo wote peke yake. Wote wawili, jamaa na serikali, wametajwa.

Tena Katiba imegawanya kazi. Serikali ya taifa hutengeneza siasa ya nyumba kwa nchi nzima, na kaunti ina kazi ya mipango na maendeleo ya mahali, na nyumba zimo ndani ya kazi hiyo.

Sheria ya Nyumba Nafuu ilitiwa sahihi mwezi wa Machi mwaka 2024. Kabla yake, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua mwezi wa Novemba 2023 kwamba tozo ya nyumba iliyowekwa na sheria ya fedha ya mwaka ule haikupatana na Katiba. Ndiyo sababu sheria mpya ilitungwa. Kwa sheria hiyo ya 2024, mwenye mshahara hutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote kabla ya makato, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Fedha huingia katika mfuko unaosimamiwa na Bodi ya Nyumba Nafuu.

Sheria yataja aina nne za nyumba. Ya kwanza ni nyumba ya jamii, kwa mtu ambaye mapato yake ya mwezi hayafiki shilingi 20,000. Ya pili ni nyumba nafuu, kwa mwenye mapato ya shilingi 20,000 mpaka 149,000. Ya tatu ni ya mtu wa kadiri, ambaye mapato yake yapita hapo. Ya nne ni nyumba nafuu ya mashambani, kwa mtu akaaye mahali pasipo mji. Kipimo cha aina tatu za kwanza ni mapato, na cha nne ni mahali. Hakuna aina iliyotengwa kwa ajili ya umri. Basi mzee hakatazwi kuomba, lakini pia hana mlango wake peke yake. Kama watu wa Kakamega wanataka nyumba za wazee, hapana budi jambo hilo litiwe katika mipango ya mahali.

BODI NA KAMATI

Watu wengi hudhani kwamba kila jambo la nyumba huamuliwa Nairobi. Sivyo. Bodi husimamia mfuko na kukubali mipango. Lakini sheria imeweka pia katika kila kaunti Kamati ya Nyumba Nafuu ya Mashambani na Mijini. Kamati hiyo ndiyo ipasayo kutazama mahitaji ya watu wa mahali, kutengeneza mpango wa nyumba wa kaunti, na kuupeleka kwa Bodi. Bodi haiwezi kujua kwamba katika kata fulani wako wajane wengi wasio na ardhi, ikiwa kamati ya mahali haijaandika habari hiyo.

Kadhalika, kila kaunti hutengeneza mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Kabla mpango haujapitishwa, sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 yataka wananchi washirikishwe. Hapo ndipo mahali pa mzee kusema. Mara nyingi mikutano hiyo hujaa vijana wanaotaka barabara na kazi, nao wana haki. Wazee hukaa nyumbani kwa sababu ya umbali wa mahali pa mkutano. Basi jambo lisilosemwa haliandikwi, na lisiloandikwa halipewi fedha.

HESABU YA SHILINGI

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjika. Na ichukuliwe mfano wa wazee wawili. Hesabu zifuatazo ni za kufundishia tu, wala si bei za nyumba fulani.

Mzee wa kwanza ni mwalimu aliyestaafu, mwenye umri wa miaka 63, na malipo yake ya uzeeni ni shilingi 22,000 kwa mwezi. Kwa kipimo cha sheria yumo katika kundi la nyumba nafuu. Nyumba ndogo ikiwa na bei ya shilingi 1,500,000, na bei hiyo ikigawanywa kwa miezi 300, yaani miaka 25, atalipa shilingi 5,000 kila mwezi, bila kuhesabu faida ya mkopo. Akiongeza shilingi 1,000 za utunzaji wa jengo, atatoa 6,000 na kubakiwa na 16,000. Kwa mwezi mmoja mzigo huo wabebeka. Lakini atamaliza kulipa akiwa na miaka 88. Anunuaye akiwa na miaka 35 hununua nyumba ya kuishi. Anunuaye akiwa na miaka 63 kwa deni la miaka 25 huenda anawanunulia warithi wake, au anawaachia deni. Kwa mzee huyu yafaa aulizwe kwanza: je, anataka kumiliki, au anataka kukaa tu kwa amani? Kama anataka kukaa, kupanga kwa mkataba wa kudumu kwaweza kumfaa kuliko kununua.

Mzee wa pili ni mama mjane mwenye miaka 74. Hana malipo ya uzeeni, ila shilingi 2,000 za kila mwezi za mpango wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 ulipanuliwa kwa ajili ya wazee wenye miaka 70 na zaidi. Mama huyu hawezi kununua nyumba kwa njia yoyote. Je, aweza kupanga? Katika nchi nyingi hufikiriwa kwamba kodi ya nyumba ya mtu maskini isizidi asilimia 30 ya mapato yake. Asilimia 30 ya shilingi 2,000 ni shilingi 600.

Sasa na litazamwe jengo lenye nyumba 40 za watu kama mama huyu. Kila mmoja akilipa shilingi 600, jumla kwa mwezi ni shilingi 24,000. Na gharama za jengo ni hizi: mtunzaji wa jengo, 14,000, mlinzi wa usiku, 12,000, umeme wa taa za ngazi na wa pampu ya maji, 6,000, usafi na kuzoa taka, 4,000, akiba ya matengenezo, 4,000. Jumla ni shilingi 40,000. Pungufu ni shilingi 16,000 kila mwezi, yaani shilingi 192,000 kwa mwaka. Na hapo bima ya moto haijahesabiwa, wala deni la kujengea.

Shilingi 192,000 si fedha nyingi kwa serikali ya kaunti. Lakini lazima zitajwe katika bajeti ya kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, hata viongozi wakibadilika. Kama hazikutajwa, matokeo yake yajulikana: mwaka wa kwanza mlinzi huachishwa, mwaka wa pili pampu huharibika na haitengenezwi, na mwaka wa tatu mama mwenye miaka 77 anabeba mtungi wa maji kupanda ngazi. Hapo watu husema kwamba nyumba za serikali ni mbaya, na kumbe nyumba zilikuwa njema. Kilichokosekana ni shilingi 400 kwa kila mlango kila mwezi.

Iko njia nyingine ya kupunguza pungufu hilo, nayo ni kuchanganya. Katika jengo lile lile waweza kukaa wazee wenye malipo ya uzeeni pamoja na wasio nayo, na vyumba vya chini kando ya barabara vikapangishwa kwa duka la dawa, kinyozi au fundi cherehani. Kodi ya maduka huingia katika sanduku la utunzaji. Wazee nao hupata dawa na mahitaji karibu na mlango. Lakini mpango huo wafaa tu ikiwa hesabu za maduka zaonyeshwa wazi kwa wakaaji. Sivyo, fedha zitapotea njiani.

NYUMBA YENYEWE IWEJE

Nyumba ya kijana na nyumba ya mzee hazifanani. Kijana akiteleza huinuka akacheka. Mzee akiteleza huvunjika nyonga, na wengi waliovunjika nyonga hawatembei tena kama zamani. Kwa hiyo sakafu ya bafu isiwe laini ya kuteleza, na pawe na vyuma vya kushikia ukutani. Milango iwe mipana ya kupitisha kiti cha magurudumu. Pasipo lifti, wazee wapewe nyumba za chini, na za juu wapewe watu wenye nguvu. Jambo hilo liandikwe katika kanuni za ugawaji, lisiachwe kwa bahati nasibu. Lifti ni njema, lakini hula umeme na hutaka fundi. Lifti isiyotengenezwa ni mbaya kuliko ngazi, maana mzee amepewa nyumba ya juu kwa kuitegemea.

Nchi ya Kakamega ina mvua nyingi, na radi na mvua ya mawe ni mambo ya kila mwaka. Basi paa liwe na mifereji imara, maji yakusanywe katika matangi, na jengo liwe na chuma cha kukinga radi. Mitaro ya kuzunguka jengo ichimbwe mapema, kwa sababu njia yenye utelezi humfunga mzee ndani kama gereza.

Jambo la jiko nalo lapaswa kufikiriwa. Wazee wengi wamezoea kuni na makaa. Katika chumba kilichofungwa madirisha, jiko la makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Mwenye kupanga nyumba asiwakataze wazee makaa kwa maneno tu; ajenge jiko la pamoja la nje lenye paa, ama awape njia nafuu ya gesi.

Tena pawe na kipande cha ardhi. Mzee aliyelima maisha yake yote hawezi kukaa juu ya saruji tupu akitazama ukuta. Mistari michache ya mrenda, kunde na mnavu, na kibanda cha kuku kilichowekwa mbali na madirisha, humpa mzee mboga, na humpa sababu ya kuamka asubuhi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya dawa.

UTUNZAJI WA JENGO

Mtu akijenga nyumba yake mwenyewe kijijini, paa likivuja hupanda yeye au mwanawe. Katika jengo la ghorofa, paa ni la nani? Aliye juu husema ni la wote. Aliye chini husema halimnyeshei yeye. Ili kuondoa ugomvi huo, Bunge lilipitisha mwaka 2020 Sheria ya Mali za Sehemu. Kwa sheria hiyo kila mwenye nyumba ndani ya jengo aweza kupata hati ya sehemu yake, na wenye sehemu wote kwa pamoja huwa shirika moja. Shirika hilo ndilo lenye wajibu wa kutunza vitu vya wote, kama paa, ngazi, mabomba makuu na uwanja. Kuweka bima ya jengo. Na kukusanya fedha za utunzaji kutoka kwa kila mwenye sehemu. Asiyelipa aweza kudaiwa mahakamani.

Sheria hiyo ni ya wenye kumiliki. Kwa wapangaji, mwenye jengo, awe ni kaunti au shirika jingine, hubaki na wajibu huo. Lakini hata hivyo yafaa wapangaji wawe na kamati yao ndogo, yenye wanawake na wanaume, ikutane kila mwezi na mtunzaji wa jengo. Kazi zake ziwe tatu: kuandika mambo yaliyoharibika pamoja na tarehe, kusomewa hesabu za fedha zilizoingia na kutoka, na kusuluhisha ugomvi mdogo wa majirani kabla haujawa mkubwa. Wazee wa Kakamega hawana haja ya kufundishwa kazi ya baraza. Wengi wameifanya kijijini maisha yao yote.

Mtunzaji wa jengo la wazee si bawabu wa kufungua lango tu. Apaswa kumjua kila mkaaji kwa jina, kujua ni nani ana ugonjwa gani na nani wa kuitwa shida ikitokea, na kugonga mlango ambao haujafunguliwa mpaka saa nne asubuhi. Ni heri mtunzaji mmoja mwenye moyo huo kuliko askari watatu wenye marungu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jengo la ghorofa, ufa wa mmoja ni ukuta wa wote.

MAMBO YA NCHI NYINGINE

Si Kenya peke yake iliyo na jambo hili. Huko Unguja, serikali ya Zanzibar ina makao ya wazee ya Sebleni na Welezo, na mwaka 2016 ilianza kumlipa malipo ya uzeeni kila mkaaji aliyetimiza miaka 70, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Nairobi, mtaa wa Kasarani, masista wa Kikatoliki waitwao Little Sisters of the Poor huendesha makao yaitwayo Nyumba ya Wazee. Mahali kama hapo mzee hulishwa na kuuguzwa. Makao ya namna hiyo ni ya lazima kwa asiyejiweza, lakini yasichanganywe na nyumba za kupanga. Mzee mwenye nguvu zake, apikaye chakula chake na kwenda sokoni, hataki kuuguzwa. Ataka mlango wenye ufunguo wake mwenyewe.

Kwa wazee wa namna hiyo, Marekani ilitunga mwaka 1959 sheria ya kukopesha fedha mashirika yasiyotafuta faida, ili yajenge nyumba za kupanga za wazee. Baadaye utaratibu ulibadilishwa: mkaaji mwenye mapato madogo hulipa asilimia 30 ya mapato yake, na serikali hulipa kiasi kilichobaki cha gharama za kuendesha jengo. Nako Uingereza ziko nyumba ambazo mzee hukaa peke yake, lakini pana msimamizi, na chumbani pana kamba au kitufe cha kuita msaada. Fundisho la nchi hizo ni moja: serikali haikuishia kulipa gharama za ujenzi, ilikubali pia kulipa sehemu ya gharama za kila mwezi. Jengo ambalo limepewa fedha za matofali bila fedha za utunzaji halijamalizika, hata likiwa limepakwa rangi na kufunguliwa kwa sherehe.

KABURI NA URITHI

Liko jambo ambalo wazee wengi huliwaza lakini hawalisemi mbele ya maafisa: mtu akaaye katika ghorofa atazikwa wapi? Kwa desturi ya Waluhya, mtu huzikwa nyumbani kwake, na asiye na nyumba huonekana kama asiye na kwao. Woga huo huwafanya wengine wavumilie kibanda kinachovuja kwa sababu tu kimesimama juu ya ardhi ya ukoo.

Yafaa ieleweke kwamba kupanga nyumba mjini hakumwondolei mtu haki yake katika ardhi ya ukoo, wala hakumfuti katika jamaa yake. Aliye na sehemu yake shambani abaki nayo, na jina lake libaki katika hati. Asiye na ardhi kabisa azungumze mapema na watoto wake au wazee wa ukoo, na neno lao liandikwe na kushuhudiwa. Kadhalika kamati ya nyumba iwaulize wakaaji jambo hilo siku ya kuingia, kwa heshima na kwa siri, ili siku ya msiba pasiwe na fitina juu ya maiti.

Kuhusu urithi, mambo mawili yakumbukwe. Nyumba ya kupanga hairithiwi na watoto; mzee akifariki, hupewa mzee mwingine anayengoja. Mwenza wake, ikiwa yu hai na ametajwa katika mkataba, abaki. Jambo hili liandikwe wazi tangu mwanzo, maana ndilo huzaa vita. Nyumba iliyonunuliwa ni mali, nayo hufuata sheria ya urithi. Lakini chini ya Sheria ya Nyumba Nafuu mnunuzi hawezi kuiuza bila idhini ya Bodi. Mzee asikubali mtoto au rafiki atumie kitambulisho chake kuombea nyumba asiyokusudia kukaa.

LA KUFANYA

Mzee anayetaka kuomba nyumba nafuu huandikishwa katika utaratibu wa serikali uitwao Boma Yangu, kwa kitambulisho chake. Asiyejua kutumia simu kwa kazi hiyo aweza kuuliza katika Huduma Centre mjini Kakamega, akiwa na mtoto au mjukuu anayemwamini. Asimpe dalali fedha yoyote kwa ahadi ya kupandishwa katika orodha.

Na wale wanaokaa katika kamati, kabla hawajachora ramani, wafanye mambo manne. Kwanza, wahesabu wazee wasio na makao katika kila kata, kwa majina. Pili, wawaulize wazee hao wanaweza kulipa nini, wala wasikisie. Tatu, waandike ni nani atakayelipa pungufu la utunzaji kila mwaka, na kwa fungu gani la bajeti. Nne, waweke kanuni za ugawaji mahali pa wazi ambapo kila mtu aweza kuzisoma, ubaoni katika ofisi ya kata na katika kanisa na msikiti.

Mama mwenye shilingi 2,000 kwa mwezi hataki jumba la fahari. Ataka sakafu kavu, maji bombani, taa katika ngazi, na jirani atakayegonga mlango asubuhi. Mambo hayo manne hayazidi uwezo wa kaunti, mradi hesabu yake ifanywe mapema na kwa haki.